Kicheko cha Saa ya Mapumziko

Machimboni, 4 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Pokea salamu za mjomba wako ambaye bado ana mikono yote na vidole vyake vyote, jambo ambalo hapa si la kila mtu. Mama yako mwambie lile shati nimelipata. Linanibana mabegani lakini navaa. Mwambie pia asiniulizie kwa watu nitarudi lini. Aniulize mwenyewe, nami nimjibu kwamba sijui.

Barua hii anakuletea Dereva, yule anayeleta kokoto mjini kwenu. Simu huku hazishiki. Anayetaka mtandao lazima apande juu ya kifusi, na nyapara akimwona huko anamkata malipo ya siku. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani. Mwandiko usiucheke, shule niliachia darasa la sita na nyundo nimeishika miaka mingi kuliko kalamu.

Sasa nikuambie kilichotokea. Dereva alitujia na memori kadi, akasema, "Sikilizeni huyu, ni wa mtaani kwetu." Ilikuwa mapumziko ya mchana, tumekaa ukutani kwenye kivuli. Tukasikia mtu anasafisha koo, kisha anasema, "Ndugu wananchi, suala hilo, ehee, liko kwenye mchakato." Wote tukajua ni Waziri. Mmoja wetu alivua kofia kabisa! Lakini Waziri akaanza kueleza kwamba mvua haijanyesha kwa kuwa mawingu yako kwenye mchakato, na kwamba mkewe amempakulia chakula ila kijiko bado kiko kwenye mchakato. Hapo nikaruka. Nikasema huyo si Waziri, huyo ni mtoto wa dada yangu! Alikuwa akiniigiza mimi hivyo hivyo kabla hajaota meno ya mbele! Hawakuniamini mpaka Dereva aliposema ndiyo, ni yule kinyozi. Tangu siku hiyo sina jina tena, naitwa Mjomba wa Kasuku.

Huku sasa kila kitu kiko kwenye mchakato. Mpini ukivunjika, uko kwenye mchakato. Ukigonga mlango wa choo, unajibiwa hivyo hivyo kutoka ndani. Watu hawajacheka namna hii tangu nifike.

Tuna mwenzetu tunamwita Wakili. Sheria hajasoma, jina amelipata kwa ubishi wake. Yeye ndiye amenituma nikuandikie. Mwaka jana huyo huyo Waziri alikuja hapa kuzindua bomba. Mashine ya kusagia mawe inatakiwa imwagiwe maji muda wote ili vumbi lilale. Alikata utepe, bomba likatoa maji mbele ya kamera, watu tukapiga makofi. Maji yenyewe yalikuwa yameletwa na gari asubuhi ile na kujazwa kwenye tangi. Yalipoisha ndiyo yakawa yameisha. Mpaka leo bomba ni kavu na sisi tunameza unga wa mawe. Wakili anasema ukiliweka hilo kwenye vichekesho vyako, Waziri ataona haya na maji yatakuja. Tumelijadili, tumekubaliana wote. Tuwekee.

Mimi mjomba wako, niliyepata umaarufu uzeeni bila kufanya lolote.


Nyumbani, 2 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa saluni. Pale pa choo mteja alicheka akiwa na wembe sikioni, nikamkata kidogo. Hajambo sasa, amesharudi kunyolewa.

Mama ni goti tu linalomsumbua. Paa bado linavuja juu ya kitanda chake, amekihamishia mlangoni, na sasa anasema anajua kila anayechelewa kurudi mtaa mzima. Kuhusu shati anasema halina kosa, umenenepa, na anafurahi. Amenituma nikuulize kama ni kweli unakula vizuri.

Kichekesho cha bomba kimo kwenye kadi hii. Nimemfanya Waziri anapiga magoti mbele ya bomba, analibembeleza: "Bomba mwenzangu, mimi na wewe ni viongozi, tone moja tu, kamera zimefika." Nimekirekodi hapa hapa, ndiyo maana unasikia mikasi.

Wewe hujauliza lakini nitakuambia kwa nini nafanya hivi, maana mama anasema natafuta kifungo. Unakumbuka msafara wake ulivyokuwa ukipita barabara kuu? Watu walikuwa wanasimama kama wameshonewa chini. Yule mshona viatu wa kona alipigwa mateke kwa kuwa hakuinuka, na hana miguu mizima ya kuinukia. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi niliendelea kunyoa.

Wiki iliyopita msafara umepita tena. Unajua ile tabia yake ya kuvua miwani na kuifuta kwa tai anapotaka kudanganya? Vijana wa stendi wote, mstari mzima, wakavua miwani wasiyokuwa nayo wakaifuta kwa tai wasizokuwa nazo. Askari waligeuka wakatutazama. Watamkamata nani? Mtu utamfungulia kesi gani kwa kufuta miwani ambayo hana? Mshona viatu naye alikuwa anafuta. Mjomba, nguvu ya yule mtu ilikuwa ni hofu yetu, na mimi kila siku naipunguza kidogo kwa mdomo huu huu ambao mwalimu wa hesabu alisema hautanifikisha popote.

Msalimie Wakili. Mwambie akipata kesi nyingine ailete.

Kasuku wako.


Machimboni, 11 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na mama yako msalimie. Mwambie nakula. Hapa tumesimamisha baruti kwa muda kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tunavunja kwa nyundo mawe yaliyolala, na mgongo wangu unanihesabia kila jiwe.

Kichekesho cha bomba kilifika. Tulicheka mpaka mtu mmoja akakaa kwenye kokoto. Walikirudia, na kesho yake tena, na sasa naweza kukisema chote nikiwa usingizini.

Sasa sikiliza, na usikasirike. Wiki mbili baada ya kadi kufika, Wakili alisimama saa ya mapumziko. Siku hizo vumbi lilikuwa baya, kifua chake kinapiga filimbi. Akamwendea nyapara mbele yetu sote.

"Nyapara, maji lini?"

Nyapara alimwangalia. Kisha akavua miwani asiyokuwa nayo, akaifuta kwa kola, akasema kwa sauti yako kabisa, "Suala hilo, ehee, liko kwenye mchakato."

Tulilala chini. Mimi nilianza kucheka kabla ya wote, na Wakili naye alicheka, akampiga nyapara begani kwa mapenzi. Kengele ikalia, tukarudi kazini. Mashine ilipokuwa imeshawaka ndipo nikakumbuka kwamba hakujibiwa.

Zamani nyapara akiulizwa swali kama hilo alikuwa anafoka. Akifoka, nasi tunanuna. Tukinuna, kazi inakwenda taratibu kwa makusudi, siku kadhaa, mpaka akubembeleze kwa kitu. Ndivyo tulivyopata choo na barakoa. Safari hii hakuna aliyenuna. Utamnunia vipi mtu aliyekuchekesha?

Na kuna spika. Mwanzoni tulikuwa tunasikilizia simu ya Dereva, watu wameinama kama kuku kwenye punje. Sasa nyapara ameleta spika kubwa, yake mwenyewe, anaiwasha kila mapumziko. Mtu huyu barakoa anatugawia kama anagawa figo yake. Nimejiuliza sana huo ukarimu umemshukia wapi.

Lazima uelewe kazi yetu ilivyo. Mashine ikiwaka hakuna anayesikia kitu, tunaongea kwa mikono tu: leta, simama, ondoka hapo. Jioni kila mtu amechoka, anaanguka kama gunia. Ile saa ya mapumziko, mashine imezimwa, ndiyo pekee mtu anasikia sauti ya mwenzake. Hapo ndipo tulikuwa tunalalamika, na katika kulalamika tunapanga jambo. Sasa saa hiyo yote ni yako.

Sikulaumu. Mimi si msomi, nauliza ninachokiona. Unamdhoofisha yeye au unatudhoofisha sisi?

Mjomba wako.


Nyumbani, 30 Mei

Shikamoo mjomba,

Nimechelewa kujibu. Injini ya lori la Dereva ilikufa, atakueleza, lakini hata asingeharibikiwa ningechelewa, nilikuwa na mambo.

Mama hajambo. Paa limekwisha, mabati mapya nyumba nzima, na kitanda amekirudisha mahali pake, ingawa analalamika kwamba sasa habari za mtaa zinampita. Usiulize sana, tushukuru. Saluni nimemwachia mwenzangu, naingia siku mojamoja.

Nimelisoma swali lako mara nyingi na kila mara nimekasirika, ingawa umenikataza. Mimi nimefanya kosa gani? Mlinituma nitengeneze kichekesho, nimetengeneza. Mmecheka. Sasa mnanishitaki kwa kicheko chenu! Nyapara akiiba maneno yangu, mwambie nyapara. Unataka nifanye nini, niwasomee hotuba za kuhuzunisha? Nani atazisikiliza? Watu wana huzuni zao majumbani, za bure. Na wakiacha kumcheka watarudi kumwogopa, mjomba. Unataka yule mshona viatu arudi kupigwa mateke?

Halafu nikuambie kitu. Waziri mwenyewe ameshasikia. Mtu wake alikuja saluni, akakaa kwenye kiti, akasema, "Ninyoe ndevu." Nikanyoa. Nikiwa na wembe kooni kwake akasema, "Mzee anakusikiliza ndani ya gari. Anacheka mpaka machozi." Wembe ulikuwa wangu mjomba, koo lilikuwa lake, na aliyeogopa ni mimi! Nilidhani nimekwisha. Lakini alinipa mkono tu, tukazungumza kidogo.

Tulichozungumza nitakueleza tukionana.

Msalimie Wakili. Kifua chake kinaendeleaje? Na wewe, mama anauliza kama shati bado linabana.

Kasuku.


Machimboni, 19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwenu. Nimefurahi kuhusu paa. Shati sasa linanikaa vizuri.

Naandika kwa haraka, Dereva ameshawasha lori. Waziri anakuja huku mwezi ujao kuangalia maendeleo. Tumeambiwa tutapewa kofia mpya za siku hiyo. Tumekubaliana kwamba atakapouliza kama tuna swali, Wakili atasimama aulize kuhusu maji. Moja kwa moja, mbele ya kamera, bila mzaha. Tuliyapanga haya nyuma ya choo, kwa kuwa saa ya mapumziko spika inapiga kelele. Wakili akishindwa, nitasimama mimi. Kifua chake sasa kinampa taabu hata kupanda ngazi ya mashine, na hospitali wamemwambia akae mbali na vumbi. Akae wapi?

Mtu wa Waziri alitaka nini kwako? Kuonana mimi na wewe ni mbali. Niandikie.

Mjomba.


Machimboni, 14 Julai

Mpwa wangu,

Hukujibu, na sasa najua kwa nini.

Mama yako msalimie. Usimwambie haya.

Nitaandika nilivyoona mimi kutoka chini, kwa kuwa wewe ulikuwa juu. Walisafisha uwanja, wakamwaga maji kila mahali asubuhi ile, tangi likajazwa tena. Mashine ikazimwa. Jukwaa lilikuwa lori lililoshushwa mbao za ubavuni. Tukapangwa na kofia zetu za manjano zikiwa bado na karatasi ya dukani. Gari la kwanza likafika, la pili, na kutoka la tatu ukashuka wewe, umevaa suti.

Wenzangu walishangilia kabla ya mtu yeyote kusema kitu. "Kasuku! Kasuku!" Walinisukuma mbele nikuone. Nilidhani pengine umekuja kututetea. Hilo lilinikaa moyoni dakika nzima, tena nilimwambia Wakili, "Umeona? Ameleta kesi yetu mwenyewe."

Ulipanda, ukamwigiza Waziri, na Waziri amekaa nyuma yako anacheka, anapiga paja. Watu walifurahi kuliko siku zote. Niliwasikia wanasema, "Kumbe Mzee hana neno! Kumbe ni mtu wa watu!" Kisha akasimama yeye, akajiigiza mwenyewe. Akasema, "Ndugu wananchi, mimi, ehee, niko kwenye mchakato." Nakuambia ukweli, alifanya vizuri. Hata mimi nilitabasamu.

Alipouliza kama kuna swali, Wakili alinyanyuka nusu, akakaa. Nikasimama mimi. Nikataja kazi yangu, nikamwambia bomba alilolizindua halijawahi kutoa maji tangu gari lile liondoke, na watu hapa wanaumwa vifua, tunauliza maji yatakuja siku gani. Sikusema zaidi. Nilisikia bendera ikipepea, mpwa wangu.

Waziri akavua miwani akaifuta kwa tai. Hukumsingizia, anafanya hivyo. Akasema, "Swali zuri sana. Lakini kwa nini nijibu mimi wakati bingwa yupo hapa?" Akakupa maikrofoni.

Ulinitazama. Kisha ukayasema yale maneno. Unajua ulichosema, kila mtu anajua, mtoto wa chekechea anajua.

Uwanja mzima ulicheka. Nikakaa. Unajua wenzangu walifanya nini? Walinipa mikono. Walinipongeza kwamba mpwa wangu amenijibu mbele ya wakubwa.

Wakili naye alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akashika magoti, akainama, hakuinuka tena mwenyewe. Magari yalikuwa mengi pale lakini yalikuwa na safari zao. Amebebwa na Dereva, kwenye kiti cha mbele cha lori la kokoto. Yuko kwa dada yake. Analala ameketi, akilala chali pumzi inakata kama anayezama majini.

Maji yaliisha siku ya pili yake.

Mjomba wako.


Nyumbani, 25 Agosti

Shikamoo mjomba,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Mama mzima. Hajui.

Kweli, nilichukua kazi. Mtu wake aliniuliza kama nataka kufanya kwa suti kile ninachofanya kwa aproni. Nikafikiri, nikiwa karibu naye nitamchoma kwa karibu. Nikafikiri pia juu ya paa. Sitakudanganya lipi lilitangulia.

Sikujua kwamba tunakuja kwenu mpaka tulipokuwa njiani. Hilo uniamini.

Lakini kuna kitu ambacho kutoka chini hukukiona. Ulipokuwa unauliza, nyuma yako walikuwa wanakuja watu wawili wenye mashati meusi. Nilikuwa nasafiri nao, nawajua. Mmoja alikuwa ameshakushika mkanda. Waliochukuliwa hivyo kwenye mikutano mingine nimewaona wanapandishwa gari la mwisho, na sijawaona wakishushwa. Ningesema, "Mjibu, Mheshimiwa," wangekuvuta. Ningenyamaza, wangekuvuta. Nilisema kitu pekee ambacho kingewachekesha, na wakacheka, na yule akakuachia. Nilimwona akikuachia. Sasa unaweza kunihukumu.

Baada ya pale sikuweza kula. Mkutano uliofuata, mji mwingine, nilipanda jukwaani, nikavua koti, nikaacha kuigiza. Nikasema kwa sauti yangu hii, "Machimboni kuna bomba lisilo na maji. Maji yatakuja siku gani?"

Watu walicheka.

Nikasema, "Sitanii. Mjomba wangu anakula vumbi."

Wakacheka zaidi, mjomba. Kina mama waliokaa mbele walikuwa wanashikana ili wasianguke. Waziri akasimama akanikumbatia, akasema kwenye maikrofoni, "Huyu kijana ataniua!" Nikapiga kelele kwamba nasema kweli. Wakapiga makofi. Sasa hata hapa sokoni ukimuuliza mtu kama amekula, anakujibu, "Nimekula vumbi," na anacheka, na haniangalii mimi, hajui hata imetoka wapi.

Suti nimerudisha. Nimerudi saluni. Wateja wananiambia, "Tufanyie Mzee," na nikikataa wanadhani kukataa kwenyewe ndicho kichekesho kipya.

Niache kabisa? Niendelee? Wewe uliuliza swali mwezi wa nne na mimi nikakujibu kwa hasira. Sasa nakuuliza wewe.

Kasuku.


Machimboni, 21 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Mimi naendelea. Ukiona mstari umepinda hapa na pale, ni kwamba nilisimama kupumua.

Kwanza ule mkono. Ndiyo, niliusikia kwenye mkanda. Nilidhani ni mwenzangu ananishikilia nisianguke. Kwa hiyo uliniokoa, nakushukuru, na mama yako siku akijua atakushukuru. Hilo nimeliweka mahali pake, na lile jibu lako la jukwaani nimeliweka mahali pake. Siwezi kuyachanganya yawe kitu kimoja.

Sasa habari za huku. Baada ya Wakili kuondoka, spika iliendelea kila mapumziko. Siku moja, sijui ni nini, sikuwa hata na hasira, nilikuwa nimechoka tu, niliinuka nikavuta waya.

Nyapara akasema, "Mjomba wa Kasuku, vipi? Unamzima mwanao?"

Nikarudi kukaa ukutani. Nilitegemea wenzangu wapige kelele waya urudishwe. Hawakupiga, kwa sababu kulikuwa na sauti nyingine. Mashine imezimwa, spika imezimwa, na ukuta mzima ulikuwa unakohoa. Huyu akimaliza, yule anaanza, mpaka mwisho kule kwa vijana waliokuja juzi. Tulikuwa hatujawahi kusikiana. Na mimi nilikuwemo, mpwa wangu. Mama yako usimwambie, lakini wewe nataka ujue.

Nyapara alijaribu. Alifuta ile miwani yake ya hewa, akasema yale maneno. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemfokea pia. Alibaki na mkono hewani. Kengele ilipolia hatukuinuka. Hatukupanga, hakuna aliyetoa hotuba. Mwendesha mashine alikuja akakaa nasi. Ililia tena. Tulikaa mpaka jua likashuka, na kesho yake tukaja tukakaa hivyo hivyo.

Siku ya tatu gari la maji lilikuja. Sasa linakuja kila asubuhi, linamwagia mashine, vumbi linalala. Wanasema ni kwa muda tu. Bomba bado kavu. Nyapara ameandika majina, na langu najua liko juu, kwa hiyo sidhani kama nitamaliza mwaka hapa. Dereva alimpelekea Wakili habari. Anasema Wakili aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna mtu alicheka, na aliposikia hakuna alifumba macho akalala mchana huo, ameketi.

Umeniuliza uache au uendelee. Sijui kama vichekesho vinamwangusha mtu mkubwa. Mimi nilimwona kwa macho, alikuwa amenenepa. Lakini nilifikiri pia kuhusu siku ile niliposimama mbele yake. Mimi, mtu wa darasa la sita. Miaka ya nyuma ningevua kofia nikatazama chini. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nimeshamcheka sana, alikuwa hanitishi tena. Kwa hiyo ulinisimamisha wewe, halafu ukanikalisha wewe. Yote mawili ni kweli, na sisi tulikuwa watu waliochoka. Mtu aliyechoka ukimpa kitu cha kupumzikia atakilalia hapo hapo, hata kama nyumba inaungua.

Kwa hiyo sitakuambia acha. Nakuomba kitu kingine. Panda lori la Dereva uje kabla hawajaniondoa. Usije na suti wala maikrofoni. Kaa nasi pale ukutani saa moja ya mapumziko, usiseme neno, sikiliza vifua vyetu kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho.

Ukiondoka hapo, wachekeshe watu ukiweza.

Anayekungoja,
mjomba wako.